Maporomoko ya Maji na Hadithi za Wazee: Kutoka Bondo hadi Sondu, Jinja na Japani

Mji wa Bondo hauna maporomoko ya maji. Nchi yake ni ya mawe, miti ya miiba na udongo unaokauka upesi baada ya masika, na mtu asimamaye juu ya kilima cha Got Ramogi, upande wa Yimbo, ambako Wajaluo husema babu yao Ramogi Ajwang' alitua kwanza, huona maji tele lakini yaliyotulia. Upande mmoja ni ziwa kubwa, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe. Upande wa pili ni kinamasi cha Yala na ziwa dogo la Sare. Kwa macho, maji hayo yote yamelala.

Hata hivyo mito iletayo maji hayo haikufika hapo kwa utulivu. Mto Yala hushuka kutoka milima ya Nandi. Mto Nzoia huruka miamba ya Nabuyole karibu na Webuye, mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko hayo, kisha hutelemka mpaka Budalang'i. Upande wa kusini, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, mto Sondu hutoka katika misitu ya Mau na kuanguka katika genge la Nyakach. Na maji ya ziwa lenyewe, yakiisha kukusanyika, hutoka kwa mlango mmoja tu, nao ni Jinja katika Uganda, ambako zamani yaliruka miamba na kuanza safari ya Nile.

Kila mahali maji yanapoanguka, watu wametunga hadithi. Jambo hili si la Afrika peke yake. Kuna nchi moja ya mbali ambayo hadithi zake za maporomoko zimejulikana duniani kote, nayo ni Japani. Na msomaji asishangae nchi hiyo kutajwa hapa, kwa maana, kama itakavyoonekana, Wajapani na maporomoko ya Nyanza wamekwisha kukutana.

MAJI YALIYOGEUKA POMBE

Japani ni nchi ya visiwa vyenye milima mirefu, mvua nyingi na mito mifupi yenye kasi. Maporomoko mashuhuri kuliko yote huko ni ya Nachi, katika jimbo la Wakayama, yaangukayo mita 133 kwa mruko mmoja. Wajapani wa dini ya Shinto huyahesabu maporomoko yenyewe kuwa makao ya mungu. Juu kabisa, pale maji yaanzapo kuanguka, hufungwa kamba nene takatifu kuonyesha kwamba mahali hapo si pa kuchezewa, na kamba hiyo hubadilishwa mara mbili kila mwaka, mwezi wa Julai na mwezi wa Desemba. Mwaka 2004 Nachi pamoja na njia za mahujaji zinazoizunguka ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini hadithi itakayompendeza zaidi mkulima wa Bondo ni ile ya maporomoko ya Yoro, katika jimbo la Gifu. Maporomoko haya si makubwa. Urefu wake ni kama mita 32 tu. Husimuliwa kwamba hapo kale paliishi kijana maskini aliyekata kuni mlimani na kuziuza, ili kumlisha baba yake mzee. Mzee yule alipenda sana pombe ya mchele, lakini fedha ya kuni haikutosha kununua chakula na pombe pia. Siku moja kijana aliteleza juu ya mawe akaanguka. Alipoinuka alinusa harufu ya pombe, akafuata harufu ile mpaka akaona maji yanayobubujika mwambani. Aliyaonja, na kumbe ni pombe njema. Akajaza kibuyu chake, akampelekea baba yake, na mzee akanywa akapata nguvu.

Habari zikafika kwa malkia Gensho aliyetawala wakati huo. Katika mwaka 717 malkia huyo alifika mahali hapo, akayasifu maji yale, na akaubadilisha hata jina la zama za utawala wake likawa Yoro, maana yake kuwatunza wazee. Kwa hiyo, hadithi ya mkata kuni haikubaki mezani pa wanywaji tu. Jina lake likaandikwa katika tarehe za serikali.

KIJIJI KILICHOZAMA

Mtu akiisikia hadithi hiyo kando ya Nam Lolwe, hawezi kukosa kuikumbuka nyingine iliyo kinyume chake kabisa. Karibu na mji wa Kendu Bay, katika nchi ya Karachuonyo, liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, rangi yake ni ya kijani, na heroe huja kula humo kwa makundi. Hakuna mto uingiao ndani yake wala utokao. Wataalamu wa miamba husema ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano. Wazee husema ni kijiji kilichozama.

Kama wasimuliavyo, usiku mmoja watu wa kijiji hicho walikuwa katika ngoma na pombe. Akaja bibi kizee, amechoka, ana njaa, nguo zake zimechakaa. Aliomba chakula na mahali pa kuota moto. Waliolewa walimcheka na kumfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Alimpa chakula na kumkalisha karibu na moto wake. Alipokwisha kula, bibi kizee alimwambia mwanamke yule aondoke upesi pamoja na jamaa yake. Mwanamke akaenda kumwita mume wake ngomani, lakini mume akakataa kuiacha pombe. Basi akaondoka bila yeye. Mvua ikanyesha, mvua isiyo ya kawaida, na kijiji kikadidimia na ngoma yake. Maana ya Nyaima ni kuzama.

Ng'ambo zaidi, katika nchi ya Gwassi, iko hadithi ya Nyamgondho mwana wa Ombare. Huyu alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake ulikuwa mzito, akauvuta kwa furaha, lakini hakuona samaki. Alimwona bibi kizee. Alitaka kumrudisha majini, naye akamsihi amchukue nyumbani. Alipomchukua, zizi lake likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo, akawa tajiri mwenye wake wengi. Lakini utajiri ulimlevya pamoja na pombe. Usiku mmoja alimtukana yule mwanamke kwamba ni kitu kilichookotwa ziwani. Mwanamke hakujibu neno. Alishika njia ya ziwani, na mifugo yote ikamfuata, ikaingia majini mpaka wa mwisho. Nyamgondho alisimama pwani akiegemea fimbo yake, akilitazama ziwa, mpaka akageuka kuwa mti.

Tazama jinsi nchi mbili zilizo mbali vile zilivyonena neno moja. Huko Yoro mtoto alimheshimu mzee wake, na maji yakamlipa. Huku Simbi na Gwassi watu walimdharau mzee, na maji yakawadai. Wajapani hawakujifunza hadithi yao kwa Wajaluo, wala Wajaluo kwa Wajapani. Lakini pande zote mbili waliona kwamba maji hutoka mahali asipopaona mtu, na hayanunuliwi. Na mzee vilevile amebeba mambo ya siku ambazo kijana hakuziona. Mwenye kudharau kimoja hakawii kudharau cha pili.

MTO SONDU NA TAA ZA UMEME

Sasa na tuutazame mto Sondu, ambao watu wa chini huuita pia Miriu. Mto huu huzaliwa na mito miwili, Yurith na Kapsonoi, inayotoka upande wa Kericho na msitu wa Mau. Hupita katika nchi ya Wakipsigis, kisha hushuka kwa nguvu katika mabonde ya Nyakach kabla ya kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Katika sehemu hiyo ya kushuka ndipo yalipo maporomoko ya Odino.

Wahandisi waliutazama mteremko huo kwa miaka mingi, kwa maana maji yaangukayo ni nguvu ipoteayo bure machoni pa mhandisi. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa mikopo ya serikali ya Japani, wa kwanza mkubwa mwaka 1997 na mwingine mwaka 2004. Hapo ndipo watu wa nchi ya Nachi na Yoro walipokutana na mto wa Nyakach. Kazi ilianza mwaka 1999, ikasimama kwa muda kwa ajili ya fedha, kisha ikaendelea. Hawakujenga bwawa kubwa la kuzamisha mashamba. Walijenga ukingo wa kuyageuza maji, wakatoboa handaki lenye urefu wa kilomita zaidi ya 6 ndani ya mlima, ili maji yapite gizani na kuangukia mitambo chini. Kituo cha Sondu Miriu kilianza kazi kamili mwaka 2008, nacho chaweza kutoa megawati 60. Mwaka 2012 kituo cha pili, Sang'oro, kilianza kuyatumia maji yaleyale kwa mara ya pili, na kuongeza megawati 21.

Faida yake haina ubishi. Umeme huo huingia katika nyaya za nchi nzima, na mtoto asomaye usiku huko Bondo, au mwenye mashine ya kusaga mahindi huko Usenge, hujua thamani yake pale tu unapokatika. Lakini hesabu ina pande mbili. Maji yaingiayo katika handaki hayawezi wakati huohuo kupita katika mkondo wake wa zamani. Kabla ya kazi kumalizika, wenyeji wa bondeni waliuliza: Je, Odino itabaki na nini wakati wa kiangazi? Na wanyama, na ng'ombe wanyweao hapo, na akina mama wachotao maji? Maswali yao yalisikika mpaka Japani kwenyewe. Mwaka 2001 iliundwa kamati ya ufundi iliyowaingiza wenyeji, ili mambo ya maji, ardhi, vumbi na ajira yajadiliwe mezani badala ya barabarani. Ikawa ni sharti kwamba maji kiasi yaachwe yapite katika mto siku zote.

Siku za masika, mto ujaapo, handaki haliwezi kuyameza maji yote, na Odino hunguruma kama zamani. Siku za ukame, sauti hiyo hupungua. Mtu ajuaye sababu husimama akisikiliza, na hufahamu kwamba sauti iliyopungua hapo inawaka taa mahali pengine.

MIAMBA YA JINJA

Kule Jinja hesabu hiyo ilikwisha kulipwa zamani. Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali ziwa linapotoka na kuwa mto Nile. Aliyapa maporomoko yale jina la Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa chama cha wanajiografia huko London. Wenyeji walikuwa na jina lao, na Speke mwenyewe aliliandika: waliyaita Mawe tu.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili. Ukingo wa mawe wa Ripon ulivunjwa na maji yakaufunika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 umeme wa Jinja ulikuwa umekwisha kufika Kenya kwa nyaya; kwa hiyo, kwa miaka mingi, taa za mijini huku ziliwashwa na maji ya maporomoko yasiyoonekana tena. Leo kituo hicho huitwa Nalubaale, na mgeni aulizaye Ripon ilikuwa wapi huonyeshwa maji yanayokwenda kasi, basi.

Chini ya hapo kidogo palikuwa na maporomoko ya Bujagali. Wasoga waliamini kwamba hapo ndipo anapokaa mzimu Budhagali, na kwamba mtu anayeingiwa na mzimu huo huweza kuvuka maji yale makali akiwa ameketi juu ya gome la mti lililopondwa kuwa nguo. Ilipoamuliwa kujenga bwawa la megawati 250, shauri halikuwa la saruji na fedha tu. Palifanywa matambiko ya kuihamisha mizimu, na wako wenye mamlaka ya mila waliokataa kabisa, wakisema mzimu hauhamishwi kama mzigo wa soko. Mwaka 2011 maji ya bwawa yaliyafunika maporomoko, na mwaka 2012 bwawa lilifunguliwa rasmi. Wasioamini mizimu walisema hakikupotea kitu. Lakini hata wao hawana pa kuwapeleka watoto wao kuyaona maporomoko ya Bujagali.

Si maporomoko yote ya Uganda yaliyopatwa na hayo. Katika njia itokayo Jinja kwenda Kampala, nchi ya Mukono, mto Sezibwa huanguka kama mita 7 hivi kati ya miti mikubwa. Waganda husimulia kwamba hapo kale mwanamke aitwaye Nakangu alikuwa na mimba ya pacha, na badala ya watoto akazaa mito miwili, Sezibwa na Bwanda. Jina la Sezibwa husemwa kuwa na maana ya asiyezibiwa njia. Wasafiri walizoea kutupa majani au kijiwe majini ili safari yao iwe njema, na mpaka leo watu huja kuomba watoto na kushukuru kwa pacha. Ni maporomoko madogo, na pengine udogo huo ndio uliomwokoa huyo asiyezibiwa njia: hakuna mhandisi aliyemtamani.

SAMAKI ANAYEPANDA

Wajapani wana hadithi moja zaidi, waliyoipata kwa Wachina. Husema kwamba samaki aitwaye koi akijikaza akapanda maporomoko mpaka juu, hugeuka kuwa joka na kuruka mbinguni. Kwa hiyo, kila tarehe 5 Mei, nyumba zenye watoto hutundika samaki wa nguo juu ya mlingoti, wapepee upeponi, ili watoto wawe na moyo wa samaki yule.

Mvuvi wa Nam Lolwe hahitaji kufundishwa jambo hilo. Mwezi huohuo wa masika, mito ya Yala, Nzoia, Sondu na Kuja inapojaa maji mekundu, samaki aitwaye ningu huacha ziwa na kupanda mto kwenda kutaga. Zamani walipanda kwa wingi, na watu walijenga nyua za miti na kutega migono mtoni, kwa zamu na kwa utaratibu wa ukoo. Kisha zikaja nyavu za kutegwa midomoni mwa mito, na samaki wakakamatwa kabla ya kutaga. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa umekwisha kuanguka vibaya, wala haujarudi kama ulivyokuwa. Huyu hakushindwa na maporomoko. Alishindwa na wavu uliowekwa mlangoni.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mtu hawezi kusema kwamba umeme ni mbaya, wala kwamba wavu ni mbaya; aliyelala gizani na aliyelala njaa watamcheka. Lakini wazee waliosimulia habari za Simbi na Nyamgondho hawakusema ng'ombe ni wabaya, wala ngoma ni mbaya. Walisema kwamba aliyepewa anapaswa kujua amepewa na nani, na asimfukuze mlangoni. Msitu wa Mau ukikatwa, Sondu haitakuwa na maji ya Odino wala ya mitambo. Kinamasi cha Yala kikikaushwa chote, maji ya mafuriko hayatakuwa na mahali pa kupumzika kabla ya kuingia ziwani.

Na liko jambo dogo ambalo mkulima au karani wa Bondo aweza kulifanya bila kungoja serikali wala kampuni. Kila kijito kina mahali kinaporuka jiwe, na mahali hapo pana jina, na jina hilo lina sababu. Mara nyingi anayelijua ni bibi mmoja mzee, ambaye hakuna aliyemwuliza. Akaulizwe sasa, na atakayosema yaandikwe katika daftari, pamoja na jina la kijiji na tarehe. Wajapani waliiandika habari ya mkata kuni, na leo watu wa nchi nyingine huisoma. Jina la Mawe lilibaki kwa sababu lilisikiwa na kuandikwa kabla maji hayajapanda. Majina ya miamba mingine mingi ya mito iingiayo Nam Lolwe bado yamo vinywani tu, na vinywa hivyo vinazidi kuwa vichache kila mwaka.

Masika yajayo, mto Yala utajaa tena. Atakayesimama ukingoni asubuhi na mapema, mahali maji yanapogonga mawe, huenda akamwona ningu mmoja akijirusha dhidi ya mkondo, akishindwa, akijirusha tena. Kama amefuatana na mtoto, na amwambie jina la mahali hapo.